Nusu Koti Ubaoni

Asubuhi ile Kifungo alifika kazini kabla ya mwenye ufunguo. Alisimama nje ya mlango akiiwasha simu na kuizima, akiiwasha na kuizima, kama mtu anayejaribu zipu kabla ya kuishonea, na moyo wake ulikwenda kama cherehani mbovu: mara polepole, mara mbio, mara uzi unakatika. Mkutano ulikuwa baada ya chai. Yeye ndiye aliyeuomba. Ukienda sawa, shangazi yake angebaki na meza yake. Ukiharibika, Jumatatu meza ingepata mwenyewe mwingine.

Meza hiyo ilikuwa katikati ya chumba, pana kama kitanda cha watu wawili, imefunikwa blanketi kuukuu lililokazwa kwa misumari midogo pembeni. Hapo ndipo vitambaa vilipokatwa, na kila kitu kingine kiliizunguka: cherehani mbili zilizotazama dirisha, mashine ya kupindia kingo ukutani, pasi kwenye kona yake, na pazia la maua lililoficha kijumba cha wateja kujaribia nguo. Watu wa pale hawakuitana majina ya kwenye vyeti. Mkuu wao alikuwa Bi Pasi, mama mnene mwenye macho ya upole na maneno yasiyo na upande wa baridi. Kila nguo ilimalizikia kwake, na kila ubishi pia. Kwenye mashine ya kupindia alikaa Overloki, kaka mrefu mwembamba ambaye mdomo wake ulifanya kazi kama mashine yake, unakata na kushona kwa wakati mmoja. Kifungo alishona vifungo na matundu yake, na jina lilimkaa kwa kazi hiyo na kwa tabia yake ya kubaki pale ulipomweka bila kutoa neno. Mkataji alikuwa dada wa baba yake. Kifungo alimwita shangazi, na wengine wote wakafuata, hata Bi Pasi aliyemzidi umri.

Shangazi alikuwa ameondoka. Mume wake alihamishwa kikazi hadi mji ambao basi huondoka alfajiri na kufika jua likizama, na mke akafuata na masanduku yake. Mafundi walimsindikiza hadi stendi, wakalia kidogo, wakarudi kazini wakijipa moyo kwamba simu ipo. Kweli ilikuwepo. Lakini kukata nguo kwa maneno ya simu ni sawa na kunyoa mtu kwa kusimuliwa kichwa chake. Ilipokuja kazi ya makoti ya wapishi wa hoteli, Shangazi alisema kwapani wapunguze kidogo. Bi Pasi alipunguza kidogo ya kwake, na kidogo ya Bi Pasi haikuwa kidogo ya Shangazi. Makoti yalipofika hotelini hakuna mpishi aliyeweza kuinua mkono kufikia chumvi kwenye rafu. Yalirudi yote yakiwa yamekunjwa vizuri, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Ndipo Bi Pasi alipozungumza na fundi mmoja wa mtaa wa pili, mkataji hodari, ambaye alikuwa tayari kuja na mkasi wake Jumatatu. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema huku akipiga pasi mkono wa shati, macho chini.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Nampenda Shangazi kama ndugu wa tumbo moja, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka."

Kifungo alijichoma sindano. Alikuwa anajua jambo ambalo wenzake hawakulijua: kule alikohamia, Shangazi hakuwa na kitambaa hata cha leso. Alimwambia mpwa wake, akicheka ili isiwe aibu, kwamba siku hizi anakata magazeti ya zamani kwa umbo la makoti na suruali, anayapanga sakafuni, kisha anayatupa, ili mkono usisahau.

Sasa basi, bahati ina miguu yake. Juma hilo hilo Kifungo alitumwa duka la kuchapisha kwenda kuchukua lebo, akamkuta binti wa dukani ameinamia kompyuta, anaongea na mwajiri wake aliye safarini. Juu ya kioo kulikuwa na sura ya mwajiri, na chini yake ubao mweupe. Binti alichora boksi, na mara boksi likapata maua pembeni, na binti alikuwa hajagusa kitu. Yule wa mbali alikuwa anachora pale pale. Huyu anaandika, yule anafuta, huyu anasogeza, yule anarudisha, kama watu wawili wanaotandika kitanda kimoja. Kifungo alisahau lebo. Alisimama mpaka binti akamuuliza kama anaumwa.

Binti alikuwa mwema. Alimwekea programu ile kwenye simu, akamwonyesha namna ya kuita watu, namna ya kuufungua ubao, na namna ya kubana vidole ili uonekane wote. Siku hiyo hiyo jioni Kifungo alimpigia Shangazi, wakaujaribu wawili tu. Kifungo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao, na kwenye kioo cha simu yake mstari ukaanza kutambaa peke yake, mwembamba, umenyooka, ukapinda taratibu mahali pa bega. Aliufahamu mpindo ule kama mtu anavyoufahamu mwandiko wa mama yake. Kifungo, ambaye hajawahi kupiga kelele hata kwa panya, alipiga kelele hadi jirani akatokeza kichwa dirishani.

Kesho yake Kifungo alimweleza Bi Pasi, naye alimsikiliza mpaka mwisho bila kuweka pasi chini. Kisha akatoa sharti lake, naye akitoa sharti hulitoa limenyooka. Kapteni wa bendi ya matarumbeta alitaka makoti ya gwaride na hakuwa na nafasi ya kuja. Basi mkutano wa makoti ufanyike kwa hicho kidude. Kama wakitoka mle na koti moja ambalo kila mtu amelielewa, mafundi na mteja, meza ni ya Shangazi hata angehamia mwezini. Kama wakitoka na vurugu, fundi wa mtaa wa pili aje.

"Na usinililie," aliongeza.

Kifungo aliahidi kutolia.

Basi asubuhi ile chai ilinywewa, vikombe vikaondolewa mezani, na kila mmoja akashika simu yake. Kifungo aliwatumia kiungo, wakabonyeza, na hapo hapo chumba kizima kikapiga yowe. Ilikuwa mlio mrefu wa kutoboa masikio, kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Overloki aliirusha simu yake kwenye rundo la vitambaa. Bi Pasi alidhani imeungua. Ikawa kila mmoja akisema neno, neno linatoka kwenye simu ya mwenziwe, linaingia kwenye ya yule, linarudi limeota pembe. Kifungo alikumbuka binti wa dukani alivyomwonya: simu zilizo kwenye mkutano mmoja hazitaki kukaa chumba kimoja. Kwa hiyo watu waliokaa pamoja miaka yote ile ikabidi watawanyike ili wapate kukutana. Overloki alipelekwa ukumbini akakalia robota la kitambaa. Bi Pasi aliingia kwenye kijumba cha kujaribia nguo, akavuta pazia. Kifungo akabaki mezani peke yake, akaegemeza simu kwenye kopo la vifungo.

Kapteni alitokea wa kwanza. Alikuwa mtu wa uso mpana na sauti iliyozoea viwanja, ameketi stoo kwao kati ya matarumbeta yaliyotundikwa, na nyuma yake ngoma kubwa imesimama kama mwezi mpevu. Kisha akatokea Shangazi, au tuseme lilitokea paji la uso wake na jicho moja, kwa kuwa aliishika simu kama kioo cha kujitazamia.

Overloki alisema kwa paji kama hilo mtu angepata koti na kaptula na kitambaa kikabaki. Shangazi alimjibu kwamba kule alikohamia kuna wembamba wengi kama yeye, lakini wao hutumiwa kama kamba za kuanikia nguo. Kifungo alicheka mpaka kopo la vifungo likatikisika. Miezi yote ile, hilo ndilo jambo lililokuwa limekosekana chumbani, nao walidhani ni mkasi tu.

Kapteni alieleza shida yake. Bendi ilikuwa imegawanyika. Wapuliza tarumbeta walitaka makoti mekundu, wapiga ngoma walitaka ya bluu, na wamebishana mpaka mazoezi yamekuwa ya kununiana: hawa wakipuliza, wale wanapiga kwa hasira. Yeye alitaka kwanza aone umbo la koti, kisha atafute namna ya kuwaambia watu wake rangi. Alisema ana muda mfupi, ana watu wanamngoja.

Kifungo alifungua ubao.

Ukatokea mweupe, mpana, mtupu, na juu yake vitone vya rangi, kila kimoja na jina la mwenyewe: cha kijani Overloki, cha zambarau Bi Pasi, cha chungwa Kapteni, cheusi Shangazi, chekundu Kifungo. Walishangaa kidogo. Halafu wote wakashika kazi kwa wakati mmoja.

Overloki alichora mtu mwenye miguu mirefu, akatangaza kwamba huyo ni Kapteni. Kapteni alianza kuchora ukosi, na ukosi wake ukakatwa kichwa na mtu wa Overloki. Nyuma ya pazia Bi Pasi alikuwa na vita vyake. Vidole vyake vilikuwa vimekomazwa na moto wa pasi, na kioo cha simu kilikataa kuvitambua. Alikigusa, akakisugua, akakipulizia pumzi, akakibonyeza kwa uzito wake wote. Ghafla kilikubali, na doa la zambarau likaanguka katikati ya ubao, kubwa kama sufuria. Alipoona kitone cha kijani kinapita juu ya doa lake alidhani ni inzi, akakipiga kofi, na nusu ya ukosi wa Kapteni ikafutika. Kila mtu alikuwa anasema. Kapteni aliuliza nani amemfuta. Overloki aliapa si yeye. Bi Pasi alisema kidude hiki kina mashetani. Kifungo akaona kwa macho ya moyo yule fundi wa mtaa wa pili anaweka mkasi wake juu ya blanketi lile.

"Chaki," alisema Shangazi.

Alilitamka neno hilo moja tu, wala hakupandisha sauti. Chumba kikanyamaza. Ukumbini kukanyamaza. Nyuma ya pazia kukanyamaza.

Pale kazini palikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote. Kitambaa kikishatandazwa mezani, chaki ni moja, na mwenye chaki ndiye mwenye neno. Wengine hungoja. Ukitaka kusema, unyooshe mkono, upewe chaki, useme, urudishe. Hata Bi Pasi aliifuata sheria hiyo. Hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba ubao ule nao ni meza.

"Chaki ninayo mimi," Shangazi akaendelea. "Kapteni, uniwie radhi, ni utaratibu wetu. Ukiitaka niambie, nakupa."

Kapteni alisema hata bendi yake ingefaa kupata chaki. Vitone vyote vikatulia mahali pake kama watoto waliosikia mlango wa baba. Kifungo alifuta doa, akafuta mtu wa miguu mirefu, ubao ukawa safi. Alitamani kuruka.

Kitone cheusi kilianza kwenda. Kilikwenda kushoto. Kikaendelea kushoto. Kikafika ukingoni mwa kioo, kikapita, kikapotea. Wakangoja. Ubao ulibaki mweupe. Kapteni alikohoa. Overloki alinong'ona kwamba huenda bando limekata, lakini uso wa Shangazi ulikuwa pale pale juu, umekunja nyusi, jicho linafuata kitu wasichokiona.

Kapteni akamuuliza kwa adabu yuko wapi.

"Natafuta mkunjo," Shangazi akasema.

Mafundi walimwelewa papo hapo. Mkataji hukunja kitambaa katikati kwanza, halafu huanzia kwenye ule mkunjo. Kila kipimo hutoka hapo. Bila mkunjo hana pa kuweka futi kamba, ni sawa na mtu anayeswali aliyepotezewa kibla. Sasa yeye alikuwa anautafuta ukingo wa ubao ili aufanye mkunjo, na ubao ule haukuwa na ukingo. Uliendelea tu, weupe juu ya weupe, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyozidi kwenda mbali. Walipojaribu wawili tu walichora katikati, kwa mchezo, na jambo hilo halikujitokeza.

Nyuma ya pazia Bi Pasi alishusha pumzi. Kifungo alimfahamu kwa pumzi zake, na hiyo ilikuwa pumzi ya mtu aliyekwisha kuamua. Kapteni alianza kusema kwamba labda wapange siku nyingine.

Kifungo alibana vidole viwili juu ya kioo. Ubao ukarudi nyuma, ukawa mdogo, ukarudi tena, kama unavyoliona shamba ukipanda mlima, na huko mbali kabisa, kushoto, akaona punje nyeusi inayotangatanga peke yake. Akaifuata. Alipofika alipanua vidole, na hapo, jirani kabisa na kitone cha shangazi yake, akachora kwa kidole mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Chaki hakuwa nayo. Hakuna aliyempa.

"Shangazi," alisema, "mkunjo huu hapa."

Bi Pasi alikohoa nyuma ya pazia. Kifungo alingoja akaripiwe. Hakuna aliyemkaripia.

"Enhee," Shangazi akasema, na sauti yake ikashuka mahali pake pa zamani. "Sasa nakiona kitambaa. Wote njooni huku."

Kifungo aliwaelekeza mmoja mmoja, vitone vikawasili, na Shangazi akaanza. Jamani, mkono ule. Ulianzia shingoni, ukatoka kwenye mstari mwekundu ukapanda begani, ukateremka kwapani kwa ule mpindo ambao hakuna mwingine aliyeuweza, ukashuka ubavuni, ukabana kiunoni kiasi cha heshima, ukafunguka nyongani, ukarudi kwenye mkunjo kwa pindo lililonyooka. Akaongeza mkono wa koti pembeni. Akaweka namba ndogo kila pembe. Overloki aliacha kutania. Bi Pasi alifungua pazia kidogo bila kujua, ili mwanga uingie. Mgongo wa koti ulikuwa umekamilika mbele yao, mzuri, tayari kuvaliwa, nao walitikisa vichwa kwa kuridhika wakimngoja Kapteni asifu.

Kapteni hakusifu. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Na upande wa pili je?"

Overloki alimweleza kwamba upande wa pili ndio huo huo. Kapteni akauliza huo huo upi. Hakuna aliyeelewa anachouliza. Kwa macho ya mafundi koti lilikuwa zima, maana tangu walipojifunza kazi hawajawahi kuchora zaidi ya nusu. Nusu nyingine huwa chini ya mkunjo, unakata moja unapata mbili. Lakini mtu wa tarumbeta haoni mkunjo. Aliona koti lenye bega moja, mkono mmoja, limeishia kwenye mstari mwekundu kama nyumba iliyokatwa na barabara. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye staha, hakuwaza kwamba wamekosea. Aliwaza wamemwachia nafasi.

"Nimewaelewa," alisema polepole. "Hii nusu nyingine ni yangu. Naomba chaki."

Shangazi alimpa, huku mwenyewe hajui anampa ya nini. Kitone cha chungwa kikavuka mstari mwekundu, kikachora nusu ya pili, mbovu, bega limeshuka kama la mtu aliyebeba gunia. Kisha Kapteni akagusa nusu ya Shangazi akaijaza rangi nyekundu. Akagusa ya kwake akaijaza bluu.

Ngoma ile kubwa ilikuwa nyuma yake, naye alikuwa ameanza kutabasamu kama mtoto aliyeona mlango wa duka uko wazi.

"Hakuna wa kununa," alisema. "Mmetoa wapi akili hii, nyinyi watu?"

Kifungo alibana mdomo kwa mkono. Ukumbini Overloki alikuwa anacheka chini chini mpaka robota linalia. Na hapo Bi Pasi, ambaye hakuwahi kuiacha kazi ipite bila kuipiga pasi, akanyoosha mkono hewani nyuma ya pazia kisha akakumbuka haonekani, akaomba chaki kwa mdomo. Akasema mgongo wa koti la gwaride hukatwa kwenye mkunjo, mzima, bila mshono. Rangi mbili kwenye kitambaa kimoja zitatoka wapi? Alisema asingependa kumwahidi mtu maji ya kisima ambacho hakijachimbwa.

Lilikuwa swali la haki. Kapteni akageuza macho huku na huku kama mtu anayeona zawadi inarudishwa dukani. Kifungo alimtazama shangazi yake kwenye kioo. Safari hii Shangazi alikuwa ameishusha simu, uso wote unaonekana, na alikuwa anafikiri kwa vidole, vinakwenda na kurudi kama vinavyopapasa nguo.

Kisha akacheka. Alisema waache mkunjo. Watandaze kitambaa chekundu, juu yake cha bluu, uso kwa uso, wakate mara moja. Watapata kushoto nyekundu na kulia bluu. Koti la pili wageuze, bluu iende chini, wapate kinyume chake. Wapuliza tarumbeta wavae nyekundu upande wa moyo, wapiga ngoma wavae bluu upande wa moyo. Na ule mstari mwekundu wa Kifungo si mkunjo tena, ni mshono. Waongeze ukingo wa kushonea, upana wa kidole. Hapo akajikatiza mwenyewe, kwa kuwa alikumbuka makoti ya wapishi, akaandika namba ubaoni pembeni ya mstari, kubwa, asije mtu akaongeza kidole chake.

Overloki alilalamika kwamba wanamwongezea mshono mrefu mgongo mzima, lakini alilalamika kama anayeimba.

Kapteni alisema huyo mkataji ndiye anamtaka, huyo huyo, hataki kusikia mwingine. Bi Pasi, ambaye alikuwa mkweli hata pale uongo ungemfaa, alimweleza kwamba mkataji amehamia mbali, safari ya kutwa nzima, na kwamba Jumatatu atakuja mwingine kwa kuwa huyu hayupo.

"Hayupo vipi?" Kapteni akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Mama, si huyu hapa anachora?"

Pete za pazia zililia kwenye fimbo yake. Bi Pasi akatoka, simu mkononi, na simu mbili zilipokutana zikapiga lile yowe. Akaizima ya kwake bila kuitazama. Alikuja mpaka mezani, akainama kwenye simu ya Kifungo. Alisema amesikia. Alisema koti wamelielewa, hilo halikatai. Lakini ubao haukati kitambaa.

"Mkasi atashika nani?"

"Mpwa wangu," Shangazi akasema. "Macho yangu, mkono wake."

Kifungo hakuwa amewahi kukata kitu kizito kuliko uzi. Bi Pasi alimpima kutoka juu hadi chini kama anayemtafutia saizi. Halafu akaenda kwenye kona yake, akatoa chini ya meza ya pasi mkasi wake mwenyewe, ule asiouazima, na mabaki mawili ya kitambaa, jekundu na la bluu. Akasema wakate mgongo mmoja, sasa hivi, Kapteni akiona. Kapteni alisema wanaomngoja wangoje.

Walifunga simu kwa futi kamba kwenye ndoano ya taa, ikaning'inia juu ya meza ikitazama chini, na Shangazi akaiona meza yake kutoka angani. Kisha akasema blanketi limelegea pembe ya dirishani, lirudishwe msumari. Bi Pasi mwenyewe alilirudisha.

Overloki alishikilia simu yake ukumbini akisoma namba za ubaoni kwa sauti kupitia mlangoni, na Kifungo akazihamisha kwenye kitambaa kwa chaki. Shangazi alimtazama. Mahali bega lilipokuwa limepanda alimwambia alishushe, na safari hii hakutumia lile neno "kidogo". Alichora ubaoni mahali penyewe na namba yake, Overloki akasoma. Kifungo alifuta, akachora tena. Kisha akashika mkasi. Ulikuwa mzito na wa baridi.

"Usiuinue," sauti ilisema kutoka juu. "Ulaze mezani, uusukume. Kitambaa chenyewe kitafunguka."

Aliusukuma. Ulisikika ule mlio wa kitambaa kizito kinapoachana, mlio ambao chumba kile kilikuwa kimeukosa, na Bi Pasi alifumba macho akiusikiliza. Kwapani Kifungo alisita. Shangazi akamwachia. Kifungo akaugeuza mpindo kwa mkono wake, taratibu, akatoka upande wa pili, akateremka ubavuni kwa mkupuo mmoja, na alipofika kwenye pindo alikuwa anacheka bila sauti.

Alitenganisha vipande viwili. Chekundu, na cha bluu, vimekabiliana. Bi Pasi akamwita Overloki, akamgeuza mgongo, akambandika vipande kwa pini huku Overloki akilia kwamba anachomwa, na akamsogeza chini ya simu. Mabega yalikaa. Katikati palinyooka. Overloki, ambaye hakuwa anaona chochote cha nyuma yake, alisimama kiaskari mwenyewe bila kuambiwa.

Kapteni alinyoosha mkono nyuma, akaangua tarumbeta, akapuliza sauti moja ndefu iliyofanya simu ikorome kwenye futi kamba yake, na kutoka mahali fulani nyuma yake, wale waliokuwa wakimngoja wakajibu kwa ngoma.

Bi Pasi alingoja kelele zipungue. Akakipandishia kioo kidevu.

"Shangazi, fundi wa mtaa wa pili nitamwambia mwenyewe asijisumbue. Jumatatu uwe hapo kwenye kidude chako kabla hatujafungua mlango. Ukichelewa, umechelewa kazini kama mtu mwingine yeyote, na mimi unanijua."

"Nakujua," Shangazi akasema. Alikuwa anajifuta macho kwa kiganja, bila kuficha. "Nitakukuta bado unatafuta ufunguo."

Bi Pasi alisema hayo ataona Jumatatu, na akaenda kuwasha pasi. Overloki akaomba atolewe pini. Hakuna aliyemsikia, maana Kifungo alikuwa amekwisha kukitandaza kitambaa upya, safari hii bluu chini na nyekundu juu, mkasi umelala tayari, naye amenyanyua uso kuelekea simu inayobembea, anangoja aambiwe aanzie wapi.